Mpiga picha aliyekesha na vijana wa Bamako

Msomaji, zile picha za harusi na densi ulizorundika kabatini si takataka. Kisa cha Malick Sidibé wa Mali kinatufunza hivyo.

Alifungua studio yake mtaani Bagadadji, jijini Bamako. Jumamosi usiku alishika njia na kamera yake, akitoka karamu moja hadi nyingine vijana walikocheza twist na roki. Kabla hajalala alisafisha filamu. Siku chache baadaye picha zilibandikwa nje ya studio, kila mtu ajitafute na kuagiza yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Wengi wangeziita picha za starehe tu. Lakini ile ya mwaka wa 1963, ya kaka na dada wakicheza usiku wa Krismasi, imeonekana kote duniani. Mwaka wa 2007 Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice kwa kazi ya maisha yake yote, Mwafrika wa kwanza kupata heshima hiyo. Alifariki mwaka wa 2016.

Basi mzazi, kabla hujatupa picha, andika nyuma yake majina, mahali na mwaka. Wajukuu watauliza.