MAKELELE YA REKREASIO: KUNA NINI NDANI YAKE?



Katika mkutano wa viongozi wa madarasa kulitolewa shauri hili: wadogo wetu wa mwaka wa saba na wa nane wasiachwe tena kucheza wakati wa rekreasio ya pili. Wakae darasani, warudilie masomo, kwa sababu makelele yao yanasumbua. Shauri halijakatwa. Mimi ndiye ninayechunga uwanja saa ile, na makelele yale nayasikia kuliko ninyi wote. Basi nataka kueleza kile kinachofanyika ndani yake, maana naona wengi wanahukumu kitu wasichokitazama.

Tuanze na wasichana. Nzango mnaijua. Wanajipanga mistari miwili, wanatazamana. Mmoja anatoka huku, mwingine kule, wanaruka, wanapiga mikono, wenzao wanaimba, na mwishoni kila mmoja anatupa mguu mbele. Kabla ya kuanza kila kundi lilichagua lake: miguu ikikutana ya upande mmoja, pointi ni ya hawa, ikipishana, ni ya wale. Kuieleza ni rahisi, lakini jaribu wewe kaka unayecheka! Mguu unatoka na kurudi kabla hujafumba jicho, na bado wasichana ishirini wanakubaliana nani ameshinda. Wakibishana, wanarudilia. Hakuna anayenijia kuomba hukumu. Mchezo huu wa watoto wa kike wa Kongo zote mbili sasa una sheria zilizoandikwa na waamuzi wake, na mwaka wa 2015 ulionyeshwa Brazzaville katika Michezo ya Afrika. Wamama wazima wanaucheza bila haya.

Wavulana wako kwenye goroli, ni kusema zile bille za kioo. Hapo ndipo kelele kubwa inatoka. «Umesogeza mukono!» «Hapana, sikusogeza!» «Rudilia!» Mtu akipita anafikiri wanapigana. Kumbe wanafanya sheria. Shimo liwe wapi, mkono uwekwe namna gani, kama goroli ikigonga jiwe inahesabiwa ao hapana: yote hayo yanasemwa mbele, na kila avenue ina desturi yake. Mtoto wa Bagira akikutana na wa Ibanda, lazima wapatane kwanza.

Sisi wa pedagojia tulifundishwa juu ya Jean Piaget, Mswisi. Kitabu chake cha 1932 juu ya namna mtoto anavyopima mema na mabaya kinaanza na nini? Na goroli. Mwalimu mkubwa yule alishuka kwa watoto wa Geneva na Neuchâtel, akajifanya hajui mchezo, akawaomba wamfundishe. Aliona jambo la ajabu. Mdogo wa miaka 6 hivi anafikiri sheria za mchezo zilitoka kwa wazee ao kwa Mungu na haziwezi kugeuzwa hata kidogo, lakini yeye mwenyewe anazivunja kila mara. Mwenye miaka 11 ao 12 anajua kwamba sheria inasimama juu ya mapatano ya wachezaji, tena inaweza kugeuzwa wakipatana wote, na ni yeye anayeishika vizuri zaidi. Soma hayo mara mbili. Sisi viongozi tunapiga kelele kila siku juu ya nidhamu, na wadogo wanaijenga kule chini kwenye vumbi bila filimbi yetu.

Kuna mchezo mwingine wa kimya, ambao nasikitika kuona unapungua: mashimo na mbegu. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wanauita igisoro, Baganda wanaita omweso, na watu wa pwani wana ndugu yake, bao. Mistari 4 ya mashimo 8, jumla mashimo 32. Kila mchezaji anashika mistari 2 ya upande wake na mbegu 32. Unachota mbegu za shimo moja, unazigawa moja moja ukizunguka upande wako. Ya mwisho ikianguka mahali penye mbegu, unaendelea, ao unakamata za mwenzako kama njia iko. Ikianguka shimo tupu, zamu imekwisha. Asiye na njia ya kucheza tena ameshindwa. Ubao hauhitajiki, udongo na kijiti vinatosha. Anayeucheza vizuri anahesabu akilini mizunguko mizima kabla hajagusa mbegu hata moja. Walimu wa hesabu, mko hapo?

Sasa mtauliza: kwa nini wasicheze kwao nyumbani? Ndugu, nyumbani wapi? Bukavu yetu ni vilima na rasi ndani ya ziwa. Kule Kadutu nyumba imeshikamana na nyumba, na lupango lililobaki limejengwa. Mtoto anacheza barabarani kati ya pikipiki, ao hachezi. Msichana akifika kwao anapewa bido la maji na mtoto wa kubeba mgongoni. Kwa wengi, uwanja wa shule ni mahali pa pekee penye udongo wa sawasawa wanapokanyaga kwa siku nzima.

Tena kuna hili. Mwezi wa pili wa 2025, vita ilipoingia mji, masomo yalisimama na watoto walifungiwa ndani. Katika avenue yetu, walipotoka, mchezo wa kwanza ulikuwa wa askari, na bunduki za mgomba. Wakubwa wengi waliwagombeza. Mimi sikupenda kuuona, lakini sikupenda fimbo pia. Mtoto anacheza kile alichokiona. Katika Mathayo 11 Bwana Yesu anataja watoto wa sokoni waliocheza arusi na kilio, kwa sababu hayo ndiyo waliyaona kwa wazazi wao. Na katika vita ya mgomba aliyekufa anainuka, anabisha: «Haikunifikia!» Siku chache baadaye walirudi kwenye mupira wa masashe. Hakuna aliyewaamuru.

Nabii Zekaria, sura ya 8, anapoonyesha Yerusalema uliopona, anaweka wazee wenye fimbo za kutembelea, kisha wavulana na wasichana wanaocheza njiani. Hata Mapatano ya Haki za Mtoto ya 1989, ambayo nchi yetu iliyakubali 1990, yanaweka mchezo katika sehemu ya 31.

Sisemi kila mchezo ni mzuri. Goroli za kuchezea franka tutazikamata, na yule anayegeuza mchezo kuwa njia ya kumwonea mdogo mmoja kila siku, atakutana nami.

Basi, kwa mkutano wa Ijumaa natoa hili: mpira wa wakubwa uache upande wa tangi la maji wakati wa rekreasio ya pili, wadogo wachezee pale, mbali na madirisha ya mwaka wa sita. Masomo warudilie saa ya etide kama sisi wote. Na kitu kingine. Watu wa Katanga wana kitabu kinene cha Centner juu ya michezo ya watoto, kilichochapwa 1963 kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Sisi tuanze na daftari. Mwenye koko anayejua michezo ya Bashi, Barega, Bahavu, Bafuliru ao ya wengine, amwulize, aandike sheria zake kwa karatasi moja, aniletee kabla ya gazeti la mwezi ujao. Aandike pia jina la mchezo katika lugha ya kwao, na kijiji ulikochezwa. Karatasi isiyo na kijiji sitaipokea.