Kuhamisha Mti Uliokomaa: Mnazi, Mwembe na Mbuyu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza habari za kitalu na miche. Leo tumgeukie mwenye kiwanja Watamu au Malindi ambaye hataki kungoja miaka ishirini apate kivuli. Je, anunue mti mzima, aung'oe, aupande kwake? Kabla ya kupendezwa na shina, aulize habari za mizizi.

Mnazi ndio mwepesi kuhama. Mizizi yake hutoka kwenye kitako cha shina, mingi na myembamba, wala hainenepi. Ikikatwa, mingine huchipua upya na mingine huzaliwa kitakoni. Mwenye kuupanda hupunguza makuti ya chini, hufunga ya juu ili kukinga kilele, huegemeza shina kwa miti bila kulipigilia misumari, kisha humwagilia maji kwa wingi. Kilele kikivunjika, mnazi hauponi.

Mwembe na mkwaju ni habari nyingine. Mizizi inayonyonya maji hutambaa karibu na uso wa ardhi, hata kupita upana wa matawi, na mti ung'olewapo mingi hubaki shambani. Kwa hiyo wataalamu huchimba bonge la udongo lenye upana wa mara 10 hadi 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 30 hudai bonge la mita 3. Likiwa na kina cha mita 1, uzito wake hupita tani 10. Hiyo ni kazi ya kreni. Tena mizizi ianze kukatwa miezi mingi mbele, upande baada ya upande, ili mipya ichipue ndani ya bonge. Penye mwamba wa matumbawe, hakikisha shimo halituamishi maji. Panda masika yanapoanza, usifukie shingo ya mti, na ufunge kamba imara kabla kusi haijashika kasi.

Mbuyu una kisa chake. Mwaka 2022 mibuyu kadhaa iling'olewa kwenye mashamba ya Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, kwenye Bahari Nyeusi. Iliripotiwa kuwa wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti. Malalamiko yalipozidi, mwezi wa Novemba Rais William Ruto aliagiza Wizara ya Mazingira ichunguze iwapo kibali kilifuata Itifaki ya Nagoya, inayotaka mgao wa haki wa faida itokanayo na mimea ya nchi. Kuishi, mbuyu ungeweza kuishi, kwa kuwa shina lake huhifadhi maji. Mwaka 2008 Waaustralia walihamisha mbuyu wa kwao wenye tani 36, safari ya zaidi ya kilomita 3,200 hadi Perth, nao ukashika. Lakini shamba la Kilifi hubaki bila mabuyu ya kuuza, popo hukosa maua ya usiku, na wazee wa Kimijikenda hupoteza mahali pa kutambikia.

Ushauri wangu: chora ramani ya nyumba baada ya kuhesabu miti iliyopo kiwanjani, uipishe. Pengo lililobaki lizibe kwa minazi, au kwa mche wa mwembe wenye afya. Mara nyingi mche huo huufikia mti mkubwa uliodumaa kwa kuhamishwa.

Juma lijalo: umwagiliaji wa miaka miwili ya kwanza.