Biti ya Rangi ya Dhahabu

Umewahi kuona biti ya keekee inayong'aa kama dhahabu? Siyo dhahabu ile. Ni chuma cha pua kilichovikwa nitridi ya titani.

Titani ni metali. Naitrojeni ni gesi: katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, 78 ni naitrojeni. Viwili hivyo vikiungana kwa joto kali, hutoka kitu kigumu kuliko chuma cha pua, tena hakishiki kutu.

Lakini utando huo ni mwembamba kuliko unywele. Ukiinoa biti, unatoka pale nchani, na kinga ya makali imekwenda. Basi fundi, usikimbilie kunoa. Toboa polepole, tia mafuta. Biti yako itadumu, na fedha itabaki mfukoni.