Jicho, Mkono na Ulimi: Mzee Akipatwa na Kiharusi, Mpimeni kwa Kiswahili



Leo nataka tuzungumzie namna ubongo unavyoongoza macho, viungo na usemi, maana jambo hili linatugusa sana sisi tunaoishi na wazee huku Oman.

Chukueni mfano wa hapa hapa Rusayl. Unatoka eneo la viwanda na gari lako, mara lori linakukatia mbele. Unaliona, unakanyaga breki, unapiga kelele "We, angalia!" Ni kufumba na kufumbua, lakini kichwani zimeshafanyika kazi tatu.

Kwanza, kuona. Jicho linapokea mwanga tu. Habari zake zinasafiri kwenye mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni moja, mpaka sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Njiani, karibu nusu ya nyuzi zinavuka upande wa pili, hivyo vitu vilivyo kuliani kwako vinaonwa na ubongo wa kushoto. Mtu akiumia pale, macho yake ni mazima kabisa, lakini kila akipita mlangoni anagonga bega la kulia.

Pili, mwendo. Amri ya kukanyaga breki inatoka kwenye ukanda unaopita juu ya ubongo, kama kutoka sikio hadi sikio. Nyuzi zake nyingi zinavuka karibu na pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Ndiyo maana ubongo wa kushoto unatawala mkono na mguu wa kulia.

Tatu, usemi. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyefahamu maneno ya watu lakini yeye mwenyewe akitamka "tan" tu. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: maneno yanamiminika, lakini hayana maana. Kwa watu wengi, lugha inakaa ubongo wa kushoto.

Sasa unganisheni. Mshipa mmoja mkubwa wa damu unalisha sehemu ya mkono, ya uso na ya lugha. Ukiziba upande wa kushoto, mdomo unakwenda kombo, mkono wa kulia unalegea, maneno yanapotea, yote kwa pamoja. Hicho ni kiharusi. Kwetu pwani watu husema "kapigwa na shetani", akaanza kutafutiwa mganga. Lakini ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia asilimia 20 hivi ya oksijeni. Hauwezi kungoja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa.

Na hapa ndipo penye jambo letu wenyewe. Wazee wengi waliorudi kutoka Zanzibar baada ya 1970 walilelewa kwa Kiswahili, Kiarabu kikaja ukubwani. Watoto na wajukuu wanasema Kiarabu, daktari anauliza kwa Kiarabu au Kiingereza. Mzee akinyamaza, ataandikiwa kwamba kachanganyikiwa, kumbe pengine hakuulizwa kwa lugha yake. Mtu mwenye lugha mbili akipatwa na kiharusi, mara nyingi lugha zote huumia na kurudi pamoja. Lakini kwa wengine moja hutangulia. Albert Pitres aliandika mwaka 1895 kwamba inayotangulia ni ile mtu aliyoizoea zaidi. Kwa hiyo mzee aliyepoteza Kiarabu akabaki na Kiswahili hajarogwa, wala hafanyi makusudi.

Kwa ufupi: mwambieni acheke, muone kama mdomo uko sawa. Anyanyue mikono miwili. Aseme sentensi moja ya Kiswahili. Muulizeni kama anaona pande zote mbili. Kimoja kikiharibika ghafla, pigeni 9999, andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, wala msimpe chakula wala maji. Mkifika hospitali, mwambieni daktari mapema: "Lugha ya mzee huyu ni Kiswahili." Na mmoja wenu abaki hapo kumfasiria.

Wabillahi tawfiq.