Mnyororo Unaopunguza Florini Njiani

Tarehe 6 Aprili 1938, katika maabara ya DuPont huko New Jersey, Marekani, mwanakemia Roy Plunkett alifungua mtungi wa gesi na gesi haikutoka. Mtungi ulipokatwa, ndani mlikutwa unga mweupe unaoteleza. Unga huo ndio Teflon, inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula.

Siri yake ni kifungo cha kaboni na florini, mojawapo ya vifungo imara kabisa katika kemia ya kaboni. Ila polima (mnyororo mrefu wa molekuli ndogo ziitwazo monoma) iliyojaa florini, kama Teflon, haichangamani kirahisi na vitu vingine, na kuiyeyusha ni kazi. Ndiyo maana wanakemia hutafuta minyororo yenye florini nyingi upande mmoja, ikipungua taratibu kuelekea upande wa pili, kama shanga zilizotungwa kutoka nyeusi hadi nyeupe bila mpaka unaoonekana. Hizo huitwa kopolima za mteremko.

Zinatungwaje?

Kwanza, minyororo yote lazima ianze na ikue kwa pamoja. Mwaka 1995 Mitsuo Sawamoto wa Kyoto, Japani, akitumia metali ya rutheni, na Krzysztof Matyjaszewski wa Pittsburgh, Marekani, akitumia shaba, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha namna ya kuutuliza mmenyuko wa radikali (molekuli zenye elektroni pweke) usikatike ovyo. Mnyororo wa aina hiyo hutunza kumbukumbu: mwanzo wake huonyesha monoma zilizokuwamo chomboni mapema, mwisho wake zilizokuwamo baadaye.

Pili, aina ya monoma lazima ibadilike kadiri mnyororo unavyokua. Mtu anaweza kuongeza monoma ya pili tone kwa tone kwa pampu. Mwaka 2009 kundi la Sawamoto lilieleza njia nyingine: kuibadilisha monoma ndani ya chombo kilekile huku mnyororo ukiendelea kukua. Rutheni huunganisha monoma. Kampaundi ya titani au alumini husaidia alkoholi kuingia kwenye esta, sehemu ya monoma inayobeba alkoholi, na kuing'oa alkoholi iliyokuwapo. Esta zilizokwisha kufungwa kwenye mnyororo zimebanana mno, kwa hiyo mabadiliko huzipata zaidi monoma zilizo huru.

Baadaye mbinu hiyo ilihamishiwa kwenye florini. Atomu za florini huvuta elektroni kuelekea kwao, hivyo esta yenye mkia wa florini hushambuliwa kwa urahisi na alkoholi ya kawaida. Mkia unatoka, mwingine unaingia, na kila monoma inayofuata ina uwezekano mdogo zaidi wa kubeba florini.

Kazi kubwa ni kulinganisha kasi mbili. Esta zikibadilishwa haraka mno, florini huisha kabla mnyororo haujarefuka; zikichelewa, mnyororo wote hujaa florini. Mtafiti huchota sampuli kwa sindano kila baada ya muda, huipoza ghafla ili mmenyuko usimame, kisha huipima kwa mashine ya NMR, inayotambua molekuli kwa sumaku, kujua ni monoma gani zimeliwa na zipi zimebaki.

Bado kuna suala la mabaki. Mkia uliong'oka hubaki chomboni kama alkoholi yenye florini, na kemikali za jamii hiyo huweza kudumu katika mazingira kwa miaka mingi. Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali sugu, uliziweka mbili za jamii hiyo kwenye orodha yake: PFOS mwaka 2009, na PFOA mwaka 2019. Kwa hiyo kiwanda kitakachoichukua njia hii kitalazimika kuikusanya alkoholi hiyo na kuirudisha kazini, isimwagwe.