Kwenda Kutazama Maporomoko ya Maji: Majira Yafaayo na Hatari ya Korongo

Siku za mapumziko watu wengi wa miji yetu, hasa vijana wa shule, wa vyama na wa makanisa, hupanda mabasi alfajiri kwenda kutembea kwa miguu mahali penye maporomoko ya maji, makorongo na vilele vya kutazamia nchi. Zamani mtu wa bara aliyeonekana akiteremka gengeni alikuwa anamtafuta mbuzi aliyepotea, au anafuata asali. Na hata sasa wako wazee wanaostaajabu kumwona mtu mwenye akili timamu akilipa nauli ili apande mlima asiokuwa na shamba huko. Hata hivyo desturi hii ni njema, maana yajenga mwili na yampa mtu nafasi ya kuiona nchi yake. Jambo lisilofahamika vizuri ni kwamba mahali pamoja paweza kuwa salama mwezi huu na pa hatari mwezi ujao, tena kwamba mbingu iliyo juu ya kichwa cha mtembezi si shahidi wa kuaminiwa.

Yafaa tuanze na korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mwendo wa kilometa 90 hivi kutoka Nairobi. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1984, nayo ni mojawapo ya mbuga chache ambazo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli bila kukaa ndani ya gari. Zamani za kale, ziwa la Naivasha lilipokuwa kubwa kupita lilivyo sasa, maji yake yalipata njia ya kutokea upande wa kusini, yakalichimba korongo hilo. Mahali pengine kuta zake zakaribiana mno hata mtu akinyosha mikono aweza kuzigusa zote mbili, na maji ya moto hutiririka kutoka katika mawe. Ni mahali pa ajabu kweli. Lakini mwezi wa Aprili mwaka 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikutwa humo na mafuriko ya ghafula, na watu 7 wakafa. Tena mwezi wa Septemba mwaka 2019 maji yakashuka namna ile ile, yakawachukua watembezi pamoja na kiongozi wao. Aprili kila mtu huujua kuwa ni mwezi wa mvua. Bali Septemba wengi wetu huuhesabu katika miezi mikavu, na hapo ndipo penye fundisho kubwa.

Watu huuliza: yawezekanaje mafuriko yaje pasipo mvua? Jibu ni kwamba mvua ilikuwapo, ila ilinyesha mahali pengine. Msomaji na alifikirie paa la bati la jengo kubwa la shule. Mvua inyeshayo juu ya paa zima hukusanywa na mfereji mmoja, kisha hushuka kwa bomba moja hadi kwenye pipa. Mtu asimamaye mdomoni pa bomba hapati tone moja tu lililoanguka juu yake, bali hupata mvua ya paa lote. Korongo ni bomba, na vilima vya pande zote ni paa. Wingu jeusi laweza kumwaga maji yake juu ya vilima vya mbali, huku ndani ya korongo jua likiwaka na watu wakipiga picha.

Aidha, udongo wa nchi ile una majivu mengi ya volkano, na jua likiupiga siku nyingi uso wake hukauka ukawa mgumu. Mvua ya kwanza ikiangukia udongo wa namna hiyo haiingii ndani upesi, bali huteleza juu yake kama maji yateletezavyo juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo mvua moja kubwa katikati ya kiangazi yaweza kuwa ya hatari kuliko mvua kumi ndogo za masika. Njia za ng'ombe, barabara, na mahali palipokatwa vichaka huzidisha jambo hilo, kwa kuwa maji hupata mfereji uliokwisha kuchimbwa.

Maji hayo yafikapo hayapandi polepole kama mto mkubwa ujaavyo. Huja kwa mkupuo, yakiwa yamebeba matope, magogo na mawe. Ijulikane ya kuwa mwendo wa maji ukizidi mara mbili, nguvu zake za kusukuma huzidi mara nne. Ndiyo sababu maji ya kufika magotini tu yaweza kumwangusha mtu mzima aliyezoea kuogelea. Katika korongo jembamba kujua kuogelea hakumsaidii mtu sana. Kitakachomsaidia ni kupanda juu, tena mara moja.

Niliposhuka huko mara ya kwanza, kiongozi wetu, kijana wa Kimasai, aliniona nikitazama anga kama mtu ajuaye mambo ya mvua. Akaniambia kwa adabu, "Bwana, usitazame hapa juu. Tazama kule," akaelekeza fimbo yake upande wa vilima. Kisha, kabla hatujaingia sehemu nyembamba, akatuonyesha mahali pa kupandia, moja baada ya jingine, na kutuuliza kila mmoja kama amepaona. Wenzangu wawili walimcheka. Mimi naona kwamba kiongozi asiyefanya hivyo hafai kulipwa.

Dalili za maji yajayo ni hizi: maji yaliyokuwa maangavu kugeuka rangi ghafula, vijiti, majani na povu kuanza kupita mahali palipokuwa safi, upepo wa baridi kuvuma kutoka juu ya korongo, na mngurumo kama wa lori lipandalo mlima. Atakayeona mojawapo asikimbie kuelekea lango kwa kulifuata korongo, maana maji yatampata. Apande kando, hata kama atachafua nguo, na aache mkoba. Kadhalika haifai kushuka ikiwa ngurumo zinasikika upande wo wote, wala haifai kwenda bila kuuliza langoni kwamba njia imefunguliwa. Wakubwa wa mbuga wakisema pamefungwa, hiyo si njia ya kuwanyima watu furaha yao.

Sasa tuseme habari za maporomoko yenyewe. Poromoko hufanyika mahali ambapo mto wapita juu ya mwamba mgumu uliolala juu ya mawe laini zaidi. Maji hula yale laini kwanza, mwamba mgumu ukabaki kama ukingo wa paa uliojitokeza nje, na chini yake huchimbika dimbwi lenye kina. Baada ya miaka mingi ukingo hukatika na kuanguka, na poromoko lenyewe hurudi nyuma kidogo. Matao ya mawe yanayostaajabisha watu katika nchi nyingine huzaliwa kwa njia iliyo karibu na hiyo: sehemu laini huondolewa na maji na upepo, sehemu ngumu ikabaki juu kama daraja. Kwetu mfano ulio karibu ni pango la Makingeny katika Mlima Elgon, ambalo maji huanguka mbele ya mlango wake kama pazia. Jirani yake ni pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao.

Kwa hayo msomaji ataona kwa nini haifai kusimama juu kabisa ukingoni mwa poromoko. Ardhi ile yaweza kuwa haina kitu chini yake, na mawe hufunikwa na kuvu ya kijani iliyo laini kama sabuni.

Huko Nyahururu, kimo cha mita 2,360 hivi juu ya bahari, mto Ewaso Narok huanguka mita 74. Mskoti Joseph Thomson alipita nchi hiyo mwaka 1883, na jina lake likapewa maporomoko hayo. Kiangazi kikikaza, mwezi wa Februari, maji hupungua yakawa kamba nyeupe, na njia ya kushuka chini huwa kavu. Mvua zikiisha kunyesha maji hunguruma, na manyunyu yake hulowesha nguo za watu waliosimama mbali. Picha nzuri ni za wakati huo. Lakini ndio wakati ambao ngazi za kushukia huteleza mno, na viatu vya ngozi vya Jumapili havifai hata kidogo. Mimi nilishuka navyo, nikarudi juu nikiwa nimevaa kimoja. Afadhali mtu aende wiki chache baada ya mvua kwisha, maji yakiwa bado mengi na njia imeanza kukauka.

Katika milima ya Nyandarua, ndani ya mbuga ya Aberdare iliyotengwa mwaka 1950, liko poromoko la Karuru, lenye kushuka mita 273 kwa vidato vitatu: mita 117, kisha 26, kisha 130. Ng'ambo ya bonde mto Gura nao waporomoka, wala haukaribiki kwa urahisi. Hutazamwa kutoka mbali. Huko mtembezi apaswa kufuatana na askari wa wanyama mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati na tembo. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi, hata mtu aliyeondoka Nairobi na shati jepesi hutetemeka kule juu. Miezi ya Juni hadi Agosti ukungu huweza kukaa siku nzima, na mtu akafika ukingoni asione cho chote ila sauti ya maji. Januari na Februari anga hutakata. Lakini nyasi za huko hukauka, na moto mdogo wa chai waweza kuunguza mlima. Mwezi wa Februari mwaka 2022 moto mkubwa uliunguza sehemu ya nyika hiyo. Tukumbuke kwamba mito itokayo huko ndiyo ilijazayo bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, ambalo watu wa Nairobi hunywa maji yake.

Kwa wale wasio na nauli ya safari ndefu, vilima vya Ngong vyatosha. Kutoka mgongoni mwake Bonde la Ufa huonekana upande mmoja na mji wa Nairobi upande wa pili. Hapo hakuna mafuriko, bali iko hatari ya radi. Katika majira ya mvua mawingu hujengeka tangu adhuhuri, ngurumo zikaanza alasiri. Na mtu asimamaye juu ya mgongo mtupu wa kilima ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Asikimbilie chini ya mti ulio peke yake, wala asishike waya wa ua. Ateremke upesi bondeni, na watu wa kundi waachane kidogo kidogo. Anayetaka kupita vilele vyote na aanze saa moja asubuhi, ili saa saba awe amekwisha kushuka upande wa pili na kupata gari la kurudi kabla watu hawajawa wengi.