Akiba Haiozi, Lakini Matango Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nadhani walikuwa wakiwaza nafaka ghalani, wala si matango. Apitaye sokoni jioni, wakati akina mama mboga wanapofunga vibanda vyao, hukuta matango yaliyonyauka yakitupwa jaani. Hatua chache kutoka hapo, dukani, achari ya matango iliyovuka bahari imepangwa rafuni, nasi twainunua kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Je, ni busara kutupa chetu na kununua cha wenzetu?

Watu wa Pwani hawahitaji kufunzwa maana ya akiba ya namna hii. Tangu zamani wao huzitia embe mbichi na ndimu chumvi, wakazianika juani na kuzikoleza pilipili, zikawa achari ya kulia wali kwa muda mrefu. Huku bara tango limebaki kuwa kitu cha kukatiwa kachumbari na kuliwa papo hapo.

Nakiri kwamba jaribio langu la kwanza liliniaibisha. Nilinunua matango ya jioni kwa kuwa yalikuwa rahisi, nikaizimua siki kwa maji kwa kuwa niliiona kali mno. Baada ya majuma machache matango yalikuwa rojorojo na vifuniko vimevimba. Nilizitupa chupa zote, nami nikajifunza mambo mawili.

Kwanza, akiba huwekwa kitu kingali kizima. Tango lililonyauka halifufuliwi na siki. Litakiwalo ni tango dogo, gumu, lililochumwa siku iyo hiyo. Likate ncha ya upande wa ua, kwa maana hapo ndipo penye vimeng'enya vinavyolilainisha. Kisha chumvi na barafu huyanyonya maji yake, nalo likabaki la kulia menoni.

Kipimo chenyewe ni hiki: matango kilo 2 na gramu 700 yaliyokatwa visahani vyembamba, vitunguu kilo 1 na gramu 350, na chumvi nusu kikombe. Changanya, funika kwa barafu, acha kwa saa 3 au 4, kisha chuja. Chemsha siki vikombe 4, sukari vikombe 4 na nusu, mbegu za haradali vijiko 2 vikubwa na manjano kijiko 1 kikubwa kwa dakika 10. Tia matango na vitunguu, na vikianza kuchemka tena, pakua katika chupa safi zenye moto, ukiacha nafasi ya sentimita moja hivi juu. Funga kwa vifuniko vipya, kwani kilichokwisha kutumika huenda kisishike tena. Kisha zitumbukize chupa katika maji yanayochemka na kuzifunika kabisa. Zikipoa, ziweke majuma 4 au 5 ndipo ladha ikolee.

Pili, na hili ni la uhai na mauti, siki si kiungo cha ladha tu. Viko viini vya botulizimu ambavyo mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Sumu yake hupooza misuli na yaweza kuua, na mara nyingine chakula hakionyeshi dalili yoyote. Kinachovizuia kukua ni uchachu. Kwa hiyo soma kibandiko na utumie siki yenye asilimia 5 ya asidi, wala usiizimue. Ukiiona kali, ongeza sukari. Chupa iliyovimba kifuniko usiionje, itupe.

Ziko kazi ambazo siki haizimalizi. Moto wa maji huua hamira na kuvu, na husaidia kifuniko kushika. Hapa sisi wakazi wa nyanda za juu tuna mtihani wetu, kwani maji ya Nairobi huchemka yakiwa takriban nyuzi 95 tu. Mombasa dakika 10 zatosha. Katikati ya Nairobi ziwe 15. Limuru na Nyahururu ziwe 20. Anayefuata kitabu kilichoandikiwa watu wa ufukweni bila kujali mlima alioukalia anajidanganya.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watoto wetu walifunzwa Sayansi Kimu, na wengine wakaidhihaki kuwa ni somo la kupika chapati. Maoni yangu ni kwamba maarifa ya chumvi, siki na moto yana thamani kubwa kuliko cheti kilichotundikwa ukutani. Vikundi vya akina mama vinavyochanga pesa kila mwezi vyaweza pia kuchangia sufuria moja kubwa na kipimajoto, wakulima wakayaleta matango asubuhi, kabla soko halijayakataa.

Tusingoje jioni. Akiba haiozi, lakini ni ile iliyowekwa mapema.